Paka asiyepona naye anastahili kutulizwa maumivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wasomaji wenzangu, na zaidi na madaktari wa mifugo wa jiji hili, juu ya jambo ambalo sijaliona likiandikwa katika kurasa zenu za afya wala za mifugo. Kurasa hizo hutufundisha kuhusu mdondo wa kuku, homa ya mapafu ya ng'ombe na chanjo ya kichaa cha mbwa, na ni vyema ziendelee kutufundisha hayo. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Magomeni, Ilala, Temeke na Kigamboni wamo pia wanyama wasiofugwa kwa ajili ya nyama, maziwa wala mayai, waliokua pamoja na watoto wetu, na ambao sasa wanazeeka na kupatwa na maradhi ya uzeeni, saratani ikiwemo. Familia inayoambiwa kwamba paka wao ana saratani isiyopona hurudi nyumbani na kikapu chake bila kujua ifanye nini kesho asubuhi, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu.

Paka wetu anaitwa Kaniki, kwa kuwa ni mweusi tii toka masikioni hadi mkiani. Ana miaka 13. Dalili zilianza polepole: aliacha vichwa vya samaki alivyovipenda, akawa anatafuna kwa upande mmoja wa mdomo, kisha mate yakaanza kumtoka na kumlowesha kidevu, na mwisho mdomo ukawa na harufu nzito. Sisi watu wa Pwani tunaowalisha paka samaki, jambo la kwanza linalotujia akilini ni mwiba uliokwama, na wengine husema ni jino bovu. Daktari alimpa dawa ya usingizi, akamkagua mdomo wote, akakuta uvimbe chini ya ulimi, akakata kipande kidogo kikapimwe maabara. Majibu yalionyesha saratani ya seli bapa, ambayo huanzia katika ngozi laini ya ndani ya mdomo na ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za mdomo zinazowapata paka. Ikigunduliwa mapema, ikiwa ndogo na ikiwa mbele ya taya la chini, upasuaji huweza kusaidia. Ikishaota chini ya ulimi na kushika mfupa, kuikata ni kumwachia mnyama mateso makubwa kuliko ugonjwa wenyewe, na mionzi na dawa za kemikali hazina matokeo ya kutegemewa. Paka wengi wa hali hiyo huishi miezi michache tu baada ya kugunduliwa, na ni wachache sana wanaofikisha mwaka.

Majibu hayo nilipewa nikiwa nimesimama mlangoni, mteja mwingine ameshaingia na mbwa wake. "Mama, hapa hakuna la kufanya," daktari alisema, akanishauri nimrudishe paka nyumbani hadi atakapokufa mwenyewe. Sitaitaja kliniki hiyo, kwa sababu nimezungumza na watu waliopewa jibu la namna hiyo kwingineko, na naamini tatizo ni la mazoea, si la mtu mmoja. Daktari alikuwa sahihi kwamba hakuna la kuiondoa saratani hiyo. Kwamba hakuna la kufanya, hapo nampinga, na ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Kwa upande wa binadamu, nchi yetu imeshalielewa jambo hili. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautapona haambiwi aende akasubiri. Ipo tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza maumivu na kumtegemeza yeye pamoja na wanaomuuguza, na mofini ya maji ni sehemu ya huduma hiyo. Mimi nilifanya kazi ya kutoa dawa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimewaona wagonjwa waliokuwa hawafumbi jicho usiku kucha wakiweza kulala, kula na kuzungumza na wajukuu wao baada ya maumivu kushughulikiwa ipasavyo, ingawa ugonjwa ulibaki pale pale. Sisemi kwamba paka ni sawa na binadamu. Nasema kwamba ndani ya ugonjwa usioponyeka bado kuna mengi yanayotibika, na jambo hilo ni kweli kwa mnyama kama lilivyo kweli kwa mtu. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo imetambua kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia.

Nianze na maumivu, kwa kuwa ndiyo yanayofichika zaidi. Uvimbe unaokula mfupa wa taya unauma sana, lakini paka halalamiki. Hujificha uvunguni, hukaa amejikunyata, huacha kujilamba hadi manyoya yanashikana, na hata ule mkoromo unaotufanya tuamini kwamba amestarehe anaweza kuutoa akiwa katikati ya maumivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal nchini Kanada walichapisha mwaka 2019 kipimo cha kusoma maumivu katika uso wa paka, na mtu yeyote anaweza kukitumia nyumbani. Huangaliwa mambo matano: masikio kama yametanuka pembeni na kulala, macho kama yamefumbika nusu, pua na midomo kama imekazana, masharubu kama yamenyooka badala ya kulegea, na kichwa kama kimeshuka chini ya usawa wa mabega. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla ikifika 4 kati ya 10, paka huyo anahitaji dawa ya maumivu. Kila asubuhi namtazama Kaniki akiwa macho na ametulia, kabla ya mtu yeyote kumgusa, kisha naandika alama zake katika daftari. Daktari anayemhudumia sasa, ambaye huja nyumbani, hulisoma daftari hilo kwanza ndipo aamue dawa iongezwe au ibaki ilivyo.

Hapa nawasihi wasomaji wanisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Katika miaka yangu ya kutoa dawa, wateja walikuja mara kwa mara kuomba kidonge cha kumpa paka anayeumwa, na wengi walikuwa wameshaamua kwamba parasetamoli itafaa kwa kuwa hata mtoto mdogo hupewa. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake limepungukiwa na kimeng'enya ambacho ini la binadamu hukitumia kuibadilisha dawa hiyo ili itoke mwilini salama, kwa hiyo masalia yenye sumu hushambulia chembe nyekundu za damu hadi zinashindwa kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso na nyayo huvimba, mnyama huhema kwa shida, kisha hufa kifo kibaya mikononi mwa mtu aliyetaka kumsaidia. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Aliyekwisha kumpa asisubiri dalili. Amkimbize kwa daktari saa ile ile, kwa sababu ipo dawa ya kupambana na sumu hiyo, nayo hufaa ikiwahi. Ibuprofeni na diklofenaki nazo zisiguswe, kwa kuwa huharibu figo na kutia vidonda tumboni. Mafuta ya karafuu, ambayo bibi zetu waliyatumia kwa jino na ambayo majirani wema wamenishauri nimpake Kaniki mdomoni, ni hatari kwake kwa sababu ile ile ya udhaifu wa ini.

Dawa zinazomfaa paka zipo, ila zote ni za kupimwa na daktari. Ipo meloksikamu ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya paka, ipo gabapentini, na zipo za jamii ya afyuni kama buprenofini pale zinapopatikana. Gabapentini tunayoifahamu katika maduka ya dawa za binadamu mara nyingi huwa ni kapsuli ya miligramu 300, ambayo ni nyingi mno kwa mnyama wa kilo nne, na kuigawa kwa kukisia ni kumweka hatarini. Kaniki alipoanza kupata dawa sahihi kwa kipimo sahihi, alitoka uvunguni na kurudi kulala dirishani, mahali alipokuwa ameshapaacha. Saratani yake haikupungua hata kidogo.

Baada ya maumivu, jambo linalochukua muda wangu mwingi ni chakula. Paka mwenye kidonda mdomoni ana njaa lakini anaogopa kula, na ukimtazama anavyoisogelea sahani, akanusa, kisha akarudi nyuma, utaelewa kwamba hajakataa chakula bali amekataa uchungu. Kwa hiyo dawa ya maumivu hutangulia, na chakula hufuata pale inapokuwa imeshaanza kufanya kazi. Nachemsha changu au kibua kwa maji matupu, natoa miiba yote kwa vidole, naisaga nyama pamoja na mchuzi wake katika blenda hadi inakuwa laini kabisa, kisha namwekea ikiwa na uvuguvugu, kwa kuwa harufu ya chakula chenye joto humwita paka kuliko chakula kilichopoa. Siweki chumvi, wala kitunguu maji, wala kitunguu saumu. Vitunguu hivyo, viwe vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na wengi wetu huwapa paka mabaki ya mchuzi bila kulijua hilo. Sahani yake naiinua juu ya kigoda kifupi ili asiinamishe sana shingo. Anakula kidogo kidogo mara nyingi, na zaidi alfajiri na usiku, jua la Dar es Salaam likiwa halijapanda au limeshazama.

Asipotaka, simlazimishi kwa kummiminia mdomoni, maana chakula kinaweza kuingia mapafuni. Lakini pia sikai kimya. Paka akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia katika ini na kuliharibu, na ugonjwa huo wa pili unaweza kumuua kabla ya ule wa kwanza. Kwa hiyo siku asiyokula hata kidogo ndiyo siku ya kumpigia daktari simu. Kuna dawa za kuamsha hamu ya kula, kama mirtazapini, na kuna mpira mwembamba unaoweza kupitishwa shingoni hadi kwenye umio ili chakula kisipite mdomoni kabisa. Sisi tumeamua kutotumia mpira, kwa umri wake na kwa jinsi ugonjwa ulivyofika, lakini yupo paka ambaye mpira huo utampa majuma mazuri, na mwenye paka anapaswa kuelezwa habari zake ili aamue mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo maelekezo yaliyoandikwa kwa nchi za baridi hayasemi, na kwetu ni kubwa: nzi. Mate yanayolowesha kidevu na kifua cha paka katika joto la jiji hili huwavutia nzi, na nzi wakitaga mayai katika manyoya yenye unyevu au katika kidonda, funza hupatikana kwa muda mfupi sana. Namfuta Kaniki kidevu kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu kila baada ya kula na kila nionapo amelowa, namkausha, na mchana analala chini ya chandarua cha mtoto. Mdomo ukizidi kunuka, mara nyingi ni bakteria walioingia katika kidonda, na daktari anaweza kutoa dawa ya kuwapunguza. Harufu hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wamtoe paka nje ya nyumba katika siku zake za mwisho, na nje ndiko kwenye nzi, jua na mbwa.

Nje ndiko waliko na watu pia. Paka mweusi aliyekonda, anayetokwa na mate, anayetembea kwa kuyumba alfajiri, katika mitaa yetu hupewa maana mbili. Wapo watakaosema ametumwa, na wapo watakaosema ana kichaa. Kuhusu hilo la kwanza sina la kusema zaidi ya kwamba nimemlea kwa mikono yangu na kila jirani amemwona akikua. Kuhusu hilo la pili, hofu ya majirani ni ya haki kabisa, kwa kuwa kichaa cha mbwa huwapata paka pia, huambukiza binadamu kwa mate, na kwa mtu ambaye dalili zimeshaanza ni kifo. Tofauti ni kwamba kichaa humuua mnyama ndani ya siku chache tangu dalili zijitokeze, wakati mate ya saratani ya mdomo huongezeka kidogo kidogo kwa majuma. Paka ambaye hajachanjwa na ameanza kutoa mate au kubadilika tabia asishikwe kwa mikono mitupu wala asifunguliwe mdomo na mtu wa nyumbani, aitwe daktari. Kaniki amechanjwa, kadi yake ninayo, na niliwaendea majirani nyumba kwa nyumba kuwaeleza ugonjwa wake na kuwaonyesha kadi hiyo. Tangu hapo watoto wa mtaani wenyewe ndio wanaokuja kunigongea wakimwona ametoka uani.

Sasa niseme juu ya huzuni, ambayo watu wengi wanaona haya kuitaja. Marehemu mume wangu ndiye aliyemleta Kaniki nyumbani, akiwa mtoto wa paka asiyejaa kiganja, siku aliyotoka soko la samaki la Feri. Mume wangu alipougua, paka huyo hakuondoka miguuni pa kitanda chake, na tangu alipotutoka, yeye ndiye anayenisubiri mlangoni nikirudi sokoni. Kujua kwamba atakufa huku bado anakuja jioni kujisugua miguuni mwangu ni mzigo wa aina yake, kwa maana msiba umeshaingia ndani na marehemu bado yu hai, na hakuna desturi ya kuupokea. Mtu akifiwa tunajua la kufanya: tunakwenda, tunasema pole, tunakaa naye. Anayemuuguza paka husikia, "Bi mkubwa, paka tu huyo, mbona mtaani wamejaa." Wanaosema hivyo hawana ubaya, na wengine ni ndugu zangu wa damu. Nawaomba tu wajue kwamba hawezi kupatikana mwingine wa kuchukua miaka 13, na kwamba neno moja la pole lingetosha.

Sisi Waislamu tumefundishwa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie riziki, na tumefundishwa kwamba paka si najisi bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Jirani yangu Mkristo aliniambia kwamba naye kanisani kwao amefundishwa kuwa mwenye haki huijali nafsi ya mnyama wake. Sioni basi kwa nini mtu anayelia kwa ajili ya mnyama aliyekabidhiwa aonekane kana kwamba imani yake imepungua.

Najua litakaloulizwa na wengi: katika nchi ambayo bado kuna watu wanaokosa dawa, inafaa kweli kutumia fedha na muda kwa paka? Swali hili ni la haki na nimelifikiri sana, kwa kuwa nimewaona kwa macho yangu watu waliorudishwa dukani kwa kukosa fedha. Jibu langu ni kwamba huduma ninayoieleza ni ya mikono zaidi kuliko ya fedha. Samaki mdogo aliyesagwa, kitambaa, chandarua, chupa moja ndogo ya dawa ambayo hutumika kwa matone, na ziara ya daktari mara chache. Hakuna mgonjwa wa Ocean Road aliyepungukiwa kwa sababu hiyo. Upasuaji wa gharama na safari za kwenda nje ya nchi siwashauri watu, tena kwa ugonjwa kama huu nisingewashauri hata matajiri, kwa sababu wangemnunulia mnyama mateso. Na asiyekuwa na uwezo wa dawa hata kidogo bado ana haki ya kuambiwa ukweli mapema, ili asimwache mnyama afe kwa njaa akidhani kwamba huo ndio utaratibu wa maumbile.

Linabaki jambo zito kuliko yote, nalo ni uamuzi wa kumpumzisha kwa sindano. Nimewauliza masheikh zaidi ya mmoja na hawakunipa jibu moja. Yupo aliyesema kumwondolea mnyama mateso yasiyo na tumaini ni rehema, na yupo aliyesema tumtulize na tumwachie Mola. Kila msomaji atauliza kwa anaowaamini. Lakini uamuzi huo haufai kufanywa usiku mmoja wa kuchanganyikiwa, kwa hiyo ni vizuri kuwa na kipimo kabla siku hiyo haijafika. Daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, alitoa mwaka 2004 kipimo cha mambo saba ya kuangaliwa: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na jumla ikiwa zaidi ya 35 huhesabiwa kwamba maisha ya mnyama bado yana thamani kwake. Ninayo katika daftari lile lile. Jambo la saba ndilo ninaloliamini kuliko mengine, kwa sababu katika siku mbaya moyo hutaka kusahau, na katika siku nzuri moja moyo hutaka kujidanganya, wakati daftari halifanyi mojawapo.

Nilimwomba daktari anieleze mapema sindano hiyo inavyofanyika, naye alifanya hivyo akiwa ameketi, bila haraka. Kwanza mnyama hupewa dawa ya kumtuliza hadi asijue kinachoendelea. Kisha huchomwa dawa ya usingizi kwa kiwango kikubwa, ambayo huzima fahamu, ikafuatiwa na pumzi na moyo, na kwa kawaida ni jambo la dakika chache. Macho hubaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na misuli inaweza kushtuka mara moja mbili baada ya kufa. Mtu asiyeambiwa haya huondoka akiamini kwamba paka wake aliteseka. Tumekubaliana kwamba daktari atakuja hapa hapa nyumbani. Shimo litachimbwa uani, refu la kutosha ili mbwa wasifukue, na kwa wanaoishi ghorofani Upanga au Kariakoo wasio na ua, hilo nalo ni jambo la kupangwa na ndugu mwenye kiwanja wakati ingali mapema.

Wajukuu wangu nimewaambia kwamba Kaniki ana ugonjwa usiopona na kwamba atakufa. Nilishauriwa niseme atasafiri, au atalala tu, lakini mtoto aliyeambiwa kwamba mnyama alilala na hakuamka anaweza kuogopa kitanda chake mwenyewe. Walilia, kisha mdogo wao akauliza kama Kaniki anaumia. Niliweza kumjibu kwa kweli kwamba leo hapana, kwa kuwa alama zilikuwa ndani ya daftari.

Ombi langu la kwanza, Mhariri, ni kwa madaktari wenyewe, na kwa Baraza la Veterinari Tanzania linalowasimamia. Anayeleta habari ya saratani isiyopona amkaribishe mwenye mnyama kiti, amweleze maumivu yatatulizwaje, atakula nini, ni dawa zipi za nyumbani zitakazomuua, na ni dalili ipi ya kupiga simu usiku. Hayo yote yanatosha katika karatasi moja, na ningefurahi kuona kila kliniki ya jiji hili ikiwa na karatasi hiyo kwa Kiswahili. La pili ni kwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, kinachowafundisha madaktari wa mifugo: wanafunzi wafundishwe kuzungumza na familia ya mnyama anayekufa kwa bidii ile ile wanayofundishwa kutibu ng'ombe. Na la tatu ni kwako. Wape madaktari wa wanyama wa nyumbani nafasi katika ukurasa wa mifugo, hata mara moja kwa mwezi, waandike wasomaji waulize. Kuna paka weupe wengi mjini wenye vidonda visivyopona kwenye ncha za masikio na puani, na vidonda hivyo mara nyingi ni saratani iletwayo na jua, ambayo kwenye sikio, ikiwahiwa, hukatwa na paka akapona. Kuna paka jike ambao wangefungwa kizazi kabla ya kutimiza miezi sita wangeepuka kwa kiasi kikubwa sana saratani ya matiti, ambayo kwa paka uvimbe wake karibu wote ni wa hatari. Wenye wanyama hao hawajui, na sidhani kama kuna mahali pengine watakapoyasoma kwa lugha yao.

Daktari yeyote wa Dar es Salaam aliye tayari kuwafuata wanyama wa namna hii majumbani, hasa Mbagala, Gongo la Mboto na Kigamboni ambako kumbeba mgonjwa ndani ya daladala ni adha kubwa kwake, naomba ajitambulishe kwa gazeti hili ili wasomaji wamfahamu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoa dawa mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam.